Jumamosi nane za matufaha: maisha ya kibandani kwenye shamba la familia, Michigan

Msambaa wa Ridge:
Wakuu, kwema?

Kwenye ule uzi wa parachichi za Njombe kuna mdau aliuliza kama humu yupo mtu anayefanya kazi shamba la matufaha ughaibuni. Nikajibu nipo, nikaambiwa "fungua uzi, acha uchoyo". Haya, huu hapa. Nitakuwa natupia kipande kipande, maana tuko katikati ya msimu na simu naishika usiku nikishaoga.

Nipo Michigan, Marekani, kaskazini ya mji wa Grand Rapids, sehemu inayoitwa Fruit Ridge. Wenyeji wanasema Ridge tu. Ni mgongo wa ardhi iliyoinuka, si milima ya kutisha kama kwetu Lushoto, na ukiwasha gari kuelekea magharibi baada ya kama nusu saa unaliona Ziwa Michigan. Zaidi ya nusu ya matufaha ya jimbo zima yanatoka kwenye kipande hiki, na Michigan huwa inagombea nafasi ya pili na New York kitaifa. Ya kwanza ni Washington, huyo hakamatiki. Mji wa watu wa matunda hapa ni Sparta.

Siri ni ziwa. Baridi ikiisha, maji bado ni ya barafu, upepo unaotoka huko unaichelewesha miti isichanue mapema, kwa hiyo maua yanakwepa baridi kali za mwishoni. Ikifika Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika, maji bado yana joto la kiangazi na yanaisukuma barafu mbele kidogo. Halafu ule mwinuko: hewa baridi ni nzito, usiku inateremka bondeni. Aliyepanda bondeni ndiye anayelia asubuhi. Wasambaa wenzangu hapo mmenielewa bila mchoro.

Shamba ni la familia, sasa liko kizazi cha nne. Yuko mzee, yuko mwanawe na mkewe, na wajukuu wawili ambao Jumamosi wanalazimishwa kuacha simu na kupanga vikapu. Kando ya barabara kuna kibanda chao cha kuuzia. Mimi siku za kazi niko shambani, kuanzia Ijumaa mchana niko kibandani.

Sasa sikilizeni hesabu inayowanyima usingizi hawa watu. Msimu wa wateja unafunguka baada ya Siku ya Wafanyakazi ya kwao, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na unafungwa Oktoba 31, siku ya Halloween. Hesabu Jumamosi zilizomo humo. Ni nane. Kalenda igeuke itakavyogeuka, ni nane tu. Mvua ikinyesha Jumamosi mbili, robo ya biashara ya mwaka imekwenda na maji.

Naendelea kesho.

Kaka Mkubwa wa Tegeta:
Siti ya mbele kabisa. Ila uzi bila picha ni kama chai bila sukari mkuu.

Msambaa wa Ridge:
Picha samahani sana. Shamba ni la watu, kuna watoto wao humo, na sijawaomba ruhusa. Nitawachorea kwa maneno.

Mpigania Haki:
Mkuu acha kutupanga. Marekani hiyo si kila kitu mashine? Mahindi wanavuna na mashine kubwa kama nyumba, leo unatuambia wanachuma maepo na mikono?

Msambaa wa Ridge:
Mpigania Haki, mahindi sawa. Matufaha ya kula mbichi yanachumwa kwa mikono, yote, nchi nzima. Kuna roboti zinajaribiwa, lakini shamba letu hata hawajafikiria kuinunua. Mashine inaweza kutikisa mti wa cheri, ukitikisa mti wa tufaha umetengeneza chakula cha nguruwe.

Ngoja nikueleze mchumo ulivyo. Hauvuti. Unaweka kiganja chini ya tunda, kidole cha shahada kinagusa kikonyo, unalinyanyua kuelekea juu huku unalizungusha kidogo. Likiwa tayari linaachia lenyewe na kikonyo chake. Ukilivuta, unang'oa na kile kijitawi kifupi kilicholishika, na kijitawi hicho tayari kimebeba chipukizi la ua la mwakani. Yaani unachuma msimu huu na unaharibu ujao kwa mkono huohuo. Mzee ukiangusha tunda hasemi kitu. Akikuta vijitawi ndani ya kreti anasimamisha trekta.

Mfuko unavaliwa kifuani, mikanda mabegani. Chini uko wazi ila umekunjwa na kufungwa kwa kamba. Ukijaa unainama mpaka mfuko uguse matunda yaliyomo kwenye kreti, unalegeza kamba, yanateleza taratibu. Ukimwaga kutoka juu, kila tunda linapata jeraha ambalo leo hulioni. Kesho kutwa ni doa la kahawia. Kreti zenyewe ni zile kubwa za mbao au plastiki zinazobebwa na uma za trekta, moja inameza busheli 18 mpaka 20, na busheli ya matufaha ni kama kilo 19.

Halafu kuna aina inayoitwa Honeycrisp. Hilo ndilo linalolipa kuliko yote na ndilo linalosumbua kuliko yote. Ngozi yake nyembamba, kikonyo kigumu kama msumari, yakiwekwa pamoja yanatobolana. Kwa hiyo mchumaji anatembea na mkasi mdogo, anakata kikonyo cha tunda moja moja. Fikiria shamba zima.

Mama Twins:
Mmh, ndiyo maana bei yake si ya kawaida. Mimi niko Minnesota, dukani Honeycrisp naliangalia kwa macho nalipita. Huku wanajisifu kwamba ni la kwao.

Msambaa wa Ridge:
Wana haki ya kujisifu dada. Lilizalishwa Chuo Kikuu cha Minnesota, uchavushaji ulifanyika 1960, likaingia sokoni 1991. Miaka 31 kutoka ua mpaka duka! Na sisi hapa tuna la kwetu, Paula Red, lililookotwa Sparta 1960 mwaka huohuo, mche ulioota wenyewe pembeni ya miti ya McIntosh. Mwenye shamba akalipa jina la mkewe. Ndilo linalofungua msimu, mwishoni mwa Agosti.

Kaka Mkubwa wa Tegeta:
Mkuu swali la kijinga. Unajuaje limeiva? Si likiwa jekundu?

Msambaa wa Ridge:
Si la kijinga, ndilo swali la kazi nzima. Rangi inadanganya. Wekundu unaletwa na jua la mchana na usiku wa baridi. Usiku ukiwa wa joto tunda linaweza kuiva ndani huku nje likiwa bado kijani kijani. Na kuna aina zinakuwa nyekundu wiki mbili kabla ya utamu kufika.

Hapa wanatumia iodini. Ile ya hospitali, jamaa yake. Unachukua tunda, unalikata katikati kwa upande, si kutoka kikonyo kwenda chini, unazamisha uso uliokatwa kwenye maji ya iodini, unasubiri dakika moja au mbili. Penye wanga panakuwa na weusi wa bluu. Palipogeuka sukari panabaki peupe. Tunda bichi linakuwa jeusi lote. Likianza kukomaa weupe unaanzia katikati kwenye mbegu, unatoka kama nyota yenye ncha tano, halafu unasambaa kwenda kwenye ngozi. Mwana wa mzee ana kadi yenye michoro ya hatua hizo, anasimama kati ya mistari na kisu na kikopo, anakata tunda kila mstari, anapanga nusu hizo juu ya boneti ya gari kwa safu. Ukipita unaona nyota nyeusi na nyeupe zimekutazama.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu la kwenda ghalani kukaa mpaka Mei linachumwa likiwa na wanga bado, na la kibandani linachumwa likiwa limegeuka karibu lote. Ukichanganya, la ghalani linakuwa ungaunga, la kibandani linakuwa gumu halina ladha, na mteja harudi. Gala na Honeycrisp wanazipitia mara mbili, tatu, wanachuma yaliyofika wanaacha mengine.

Ratiba ni hivi kwa ujumla: Paula Red mwishoni mwa Agosti, Gala na McIntosh Septemba, Honeycrisp katikati ya Septemba, Jonagold na Golden Delicious kuelekea Oktoba, kisha Ida Red na Red Delicious, Fuji na Northern Spy mwisho kabisa. Yanapishana siku chache. Kila aina ina dirisha lake dogo, na watu ni walewale, ngazi ni zilezile.

Mpigania Haki:
Sawa nimekubali. Sasa twende kwenye pesa. Unalipwa ngapi na sisi tunakujaje?

Msambaa wa Ridge:
Nilijua itafika tu 😂

Mimi niko hapa kwa familia, nina vibali vyangu, sikuja kwa kazi hii. Wachumaji wengi hapa wanatoka Mexico kwa viza ya kazi za shamba ya msimu, inaitwa H-2A. Kwenye viza hiyo mwajiri ndiye anayeomba, wewe huombi. Sheria inamtaka akupe nyumba bure na agharamie usafiri, na kuna kima cha chini cha mshahara kinachopangwa kwa kila jimbo. Mwaka 2024 kwa Michigan kilikuwa dola 18.50 kwa saa. Msimu ukiisha unarudi kwenu.

Kubwa la kushika: sheria inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kutafutiwa nafasi hiyo. Akitokea dalali Kariakoo anakwambia "lete milioni tano nikupeleke kuchuma maepo", huyo anakuchuma wewe.

Mama Twins:
Hapo umeongea. Kuna watu wameuza viwanja.

Bukavu Yetu:
Jambo kwenu bote. Miye niko hapahapa Grand Rapids, nilitoka Bukavu. Batu ya kwetu benyi banatumika mu nyumba za kupanga mapome, kule Sparta na pembeni. Usiku na muchana, mapome inapita ku mukanda, unatoa ile mubaya. Kazi iko sawa, mugongo njo inauma. Ndugu Msambaa, kibanda yenu iko ile yenye alama ya trekta mukubwa? Siku ya Yenga kisha kanisa tunapitaka huko na watoto.

Msambaa wa Ridge:
Ndugu yangu karibu sana, ila jina la kibanda silitaji humu. Ukisikia mtu anakusalimia Kiswahili ujue ndipo.

Na wadau, hili ni kweli kabisa. Grand Rapids ina Wakongo wengi, Jumapili mchana kibandani unasikia Kiswahili cha Kivu kuliko unavyosikia Kihispania. Wanakuja wamevaa vitenge vya kanisani, wanachukua nusu busheli nusu busheli. Mzee amejua "asante sana" na "karibu". Kina mama wengine wanataka yale machachu, wanauliza "chumvi iko?" Nikawaeleza wenye shamba kwamba embe bichi kwetu linaliwa na chumvi na pilipili. Sasa kwenye meza ya kuonjea pana kikopo cha chumvi ya pilipili pembeni ya Northern Spy. Wazungu wanaonja kwa woga, wanakaa kimya, wanaongeza.

Kaka Mkubwa wa Tegeta:
Hebu tuingize ndani ya kibanda basi. Kikoje?

Msambaa wa Ridge:
Ni banda la mbao, upande wa barabara uko wazi, nyuma kuna chumba cha baridi. Meza ndefu, vikapu vimepangwa kwa aina, kila aina na kibao chake: jina, ladha, la kula au la pai. Vipimo ni peki, nusu busheli na busheli. Peki ni robo ya busheli, kama kilo tano. Upande mmoja mayai na asali ya jirani, upande mwingine maboga. Kona ya nyuma ndipo kuna mashine ya donati na friji la saida, ile juisi mbichi ya matufaha isiyochujwa, ya kahawia, hapa haina kilevi.

Nawaambia ukweli ambao mteja haujui: donati na saida ndizo zinazolipa. Watu wanasema wanakuja kwa matufaha. Wanatoka na dazeni ya donati za moto zenye mdalasini na sukari, galoni ya saida, boga la mtoto, na peki moja ya matufaha kwa aibu 😂

Kwa nini shamba linahangaika na kibanda badala ya kupeleka kila kitu kiwandani? Ukipeleka kiwanda cha kupangia matunda, wao wanaosha, wanachambua, wanahifadhi, wanatafuta soko, na kila hatua inakatwa kwenye fedha yako. Unapeleka Oktoba, unakuja kujua umepata nini miezi kadhaa mbele. Wakati mwingine yale yenye doa yanakwenda kwenye juisi kwa bei ambayo hata kuchuma haikulipi. Kibandani mteja anakupa hela mkononi, na tunda lenye alama ya jani halimsumbui, anasema ndilo la asili. Sisi tuliokulia barabara ya Mombo kwenda Soni tunaijua biashara hii toka utoto: plamu na pichesi kwenye kikapu, basi limesimama, una dakika mbili. Dereva akikanyaga mafuta umelala na kikapu chako. Huku basi ni kalenda.

Kuhusu saida kuna kitu kidogo. Siku ya kukamua nyigu wanakuja kama wameitwa. Wale wadogo wa manjano, msimu huu wanatafuta sukari tu. Wanatua kwenye turubai za kukamulia, kwenye glavu, kwenye ukingo wa ndoo. Hufukuzi. Unatembea polepole, unaongea polepole, ukipiga mmoja umeita ukoo. Matunda ya kukamua yanasuguliwa na kuoshwa kwanza, na yaliyodondoka chini hayaingii kabisa, hata kama yanang'aa. Chini huko kulungu wanapita usiku na kuacha mavi, na kuna bakteria wa E. koli wa kuua mtu. Mwaka 1996 kulitokea mlipuko wa ugonjwa huo huku Marekani kutokana na juisi ya matufaha ambayo haikuchemshwa, mtoto mmoja akafariki. Tangu hapo sheria zilibanwa. Juisi ambayo haijauliwa vijidudu lazima iwe na onyo kwenye chupa. Yetu inapitishwa kwenye taa za mionzi ya urujuanimno kabla ya kufungwa.

Mama Twins:
Mimi nauliza la jikoni. Lipi la pai, lipi la kula hivihivi? Huwa nabahatisha.

Msambaa wa Ridge:
Pai: Northern Spy, halibomoki likiiva na lina uchachu. Ukilikosa, changanya Jonagold na Ida Red. Sosi ya mtoto: McIntosh, linayeyuka lenyewe. La kula mbichi kila mtu na ulimi wake, mimi nampa kura Jonagold, lina utamu na uchachu kwa pamoja na bei haikupasui kichwa. Honeycrisp ni zuri, mlio wake ukiling'ata ni mtamu, ila nusu ya bei ni jina. Red Delicious msinunue. Miaka na miaka watu walichagua miti yenye wekundu zaidi, wekundu zaidi, mpaka wakabaki na rangi na ngozi ngumu. Mzee aling'oa mistari yake karibu yote, alibakiza michache kwa ajili ya wateja wazee waliolizoea.

Mpigania Haki:
Yale maepo ya dukani Dar yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya gari. Ni nta? Na yanakaaje mwaka mzima? Mnaweka dawa gani?

Msambaa wa Ridge:
Nta ni kweli. Tunda lina nta yake ya asili, ule ukungu mweupe unaoufuta kwenye shati. Kiwandani likioshwa inatoka, wanapaka nyingine nyembamba ya kulika, mara nyingi ile ya majani ya mti mmoja wa Brazil, jamii ya mnazi, unaoitwa karnauba, ili lisinyauke. Haina madhara. Letu la kibandani halipakwi, ndiyo maana limefubaa.

La kukaa mwaka, siri si dawa, ni hewa. Tufaha likishachumwa bado linapumua, linakula sukari yake na linatoa gesi ya ethilini inayolizeesha lenyewe na majirani zake. Wanalifungia kwenye chumba kisichopitisha hewa, ubaridi karibu na sifuri, oksijeni inashushwa kutoka asilimia 21 ya kawaida mpaka kama 1 hadi 3. Linabaki kama limelala. Kuna pia gesi nyingine inapulizwa kuzuia ile ethilini isifanye kazi. Mlango wa chumba kile una alama ya hatari kubwa, binadamu akiingia bila mtungi wa hewa anaanguka kwa pumzi chache. Sisi hatuna chumba hicho, tuna baridi ya kawaida tu. Hiyo ni ya viwanda.

Na dawa za kupulizia shambani zipo, sitawadanganya. Michigan ina mvua nyingi majira ya kuchipua, ukungu wa magaga unakula majani na matunda. Mteja akiuliza kama ni asilia tunamjibu hapana, na tunamwambia ni lini dawa ya mwisho ilipigwa.

Bukavu Yetu:
Ile mwaka ya baridi, bazee ya hapa banazungumuzia kila siku. 2012. Miye sikukuwa nafika.

Msambaa wa Ridge:
Asante kwa kukumbusha ndugu, hiyo niliikusudia.

Machi 2012 joto lilikuja kabla ya wakati, siku kadhaa likapita nyuzi 25. Watu wakavaa kaptula. Miti ikadhani baridi imekwisha, ikaamka wiki kadhaa mapema. Aprili barafu ikarudi, si usiku mmoja, mara kwa mara. Ua la tufaha likishafunguka, nyuzi 2 chini ya sifuri kwa nusu saa zinaua moja katika kila maua kumi. Ikifika karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, yanabaki moja kwa kumi. Tofauti ya nyuzi mbili tu. Walikodi hata helikopta zizunguke juu ya mashamba kuisukuma hewa yenye joto ishuke. Mwisho wa mwaka jimbo lilikuwa limepoteza kama asilimia 90 ya matufaha yake.

Mzee anasimulia kwamba mwaka ule kibanda kilifunguliwa hivyohivyo. Waliuza maboga, donati, na matufaha machache waliyonunua jimbo jingine na wakaandika kibao kusema yametoka wapi. Ukimuuliza kwa nini hakufunga akapumzika, anajibu mteja akizoea kukata kona sehemu nyingine hurudishi gari lake. Miaka kumi baadaye, 2022, Michigan ilivuna zaidi ya busheli milioni 30. Mavuno yakizidi hivyo, bei nayo huwa inaanguka. Mkulima ni mkulima popote.

Siku hizi juu ya mashamba utaona feni ndefu kama za umeme wa upepo. Ni za usiku wa Mei, za kuchanganya hewa. Zikiwashwa saa tisa usiku kijiji kizima hakilali, na hakuna anayelalamika.

Mwana Nyeri:
Salamu kutoka Kenya. Sisi huku tuna watu wanapanda matufaha ya kubebesha, aina ya Anna, na yanazaa. Swali ni je, hizi Honeycrisp zinaweza kufanya Nyeri ama Njombe?

Msambaa wa Ridge:
Ndugu wa Nyeri, kwa jinsi ninavyoona, hapana, msipoteze hela. Mti wa tufaha unahitaji saa za baridi, tuseme chini ya nyuzi 7, ndipo machipukizi yaamke vizuri. Aina nyingi za huku zinataka saa 800 hadi 1,000. Anna, iliyozalishwa Israeli, inaridhika na kama 200 au 300. Dorsett Golden ya Bahama nayo iko hapohapo, na hizi mbili zinachavushana, pandeni zote mbili. Njombe na Makete kunashuka barafu Juni na Julai, lakini ni usiku, mchana jua linafuta.

Kuna ujanja wa Batu, Java Mashariki huko Indonesia. Wako karibu na ikweta kama sisi. Baada ya kuvuna wanapukutisha majani yote kwa mikono, mti unadhani msimu umepita, unachanua upya. Wanavuna mara mbili kwa mwaka. Lushoto nimeona wazee wana miti ya tufaha ya zamani inayotoa matunda kidogo kidogo bila mpangilio. Sijui kwa nini hakuna aliyejaribu hili kwa makini.

Na msipande mbegu. Mbegu ya tufaha tamu inaweza kukupa tufaha chungu, haifuati mama. Huku kila mti umebebeshwa juu ya shina la chini fupi. Lile maarufu linaitwa M.9, lilipewa jina hilo kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza. Ndilo linaloufanya mti uwe mfupi, wanaupanda kwenye nyaya kama mzabibu, zaidi ya 1,000 kwa ekari, na unachuma umesimama chini.

Kaka Mkubwa wa Tegeta:
Sasa mkuu, ukija likizo Desemba si unabeba tu vijiti viwili vitatu kwenye begi? Nina shamba Njombe, tugawane.

Msambaa wa Ridge:
Hapo sikubaliani nawe kaka, hata kwa utani. Huku kuna ugonjwa wa bakteria unaounguza matawi kama yamepitiwa na moto, unaingilia kwenye ua. Mwaka 2000 kusini magharibi mwa Michigan uliua miti kwa malaki ndani ya msimu mmoja. Kijiti kinaonekana kizima kabisa na ndani kimeubeba. Na unashambulia hata mapea, Lushoto tuna mapea.

Ukitaka vijiti, nenda kwa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, uombe kibali cha kuingiza, halafu huku vitakaguliwa na kupewa cheti cha afya ya mimea. Inachukua muda. Ila kwa Anna huna haja ya kuja mpaka huku, tafuta kitalu cha kueleweka hapohapo Kusini.

Mwana Nyeri:
Na ununue mche ambao umeona mamake akizaa. Huku tumeuziwa pichesi tukiambiwa ni tufaha.

Kaka Mkubwa wa Tegeta:
Nimeelewa, begi limefutwa. Bei ya mche wa Anna kwa sasa ni ngapi, kuna anayejua?

Msambaa wa Ridge:
Hiyo nawaachia walioko nyumbani. Mimi kesho ni Jumamosi, ya sita, utabiri unasema jua. Nikiamka saa kumi na moja nakuta donati za kwanza zimeshatumbukizwa kwenye mafuta. Mwenye maswali ayaache hapa, nitayajibu Jumatatu.

Bukavu Yetu:
Tutapita Yenga. Uwekeke chumvi.